Somo la Redio: Kwa Baisikeli Kutoka Shinyanga Mpaka Misungwi

  

Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa darasa achukue chaki, aandike ubaoni namba hizi nne:

120
15
8
28 × 1½

Ziacheni hapo hapo ubaoni. Msizifute. Leo nitawaeleza habari ya safari moja niliyoifanya kwa baisikeli, na kila namba mnayoiona hapo ina kazi yake katika habari hiyo. Ile ya mwisho ndiyo iliyoniaibisha. Tutafika huko.

Hesabu ya safari

Mimi ni Afisa Elimu. Mwezi wa Juni nilikuwa Shinyanga, na darasa moja la watu wazima karibu na Misungwi lilikuwa linafunguliwa. Niliwaahidi kuwa nitafika siku hiyo saa kumi na moja jioni, niwapelekee daftari 20 na kalamu 20. Wengi wa wanafunzi wale ni akina mama. Jua likizama lazima warudi nyumbani kupika. Kwa hiyo walinipa mpaka wangu: mwisho ni saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo, kila mtu na njia yake.

Basi lipo. Ningeweza kupanda basi. Lakini tangu zamani nilikuwa natamani kuipita nchi ile polepole, niyaone mashamba yake kwa macho yangu, nisiyaone kwa dirisha tu. Nikasema, nitakwenda kwa baisikeli.

Sasa tazameni ubaoni. Kutoka Shinyanga mpaka Misungwi kwa barabara kuu ya Mwanza ni kama kilomita 120. Wazee waliozoea maili waseme ni maili 75 hivi. Mtu mwenye afya, akiendesha bila kushindana na mtu, katika barabara ya lami isiyo na milima mikubwa, anaweza kwenda kilomita 15 kwa saa moja. Tugawanye: 120 kwa 15. Jibu ni 8. Saa nane za kukanyaga pedali. Nikaongeza saa mbili za kupumzika, kunywa maji na kula. Jumla ni saa kumi. Nikianza saa moja asubuhi, kunapopambazuka vizuri, nitafika saa kumi na moja jioni.

Mnaona? Hesabu ilikuwa safi kabisa. Nilijisifu moyoni.

Nikafungasha vitu vyangu. Maji lita tatu. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Pampu. Spana mbili. Siku moja kabla nilikwenda dukani nikanunua mpira wa ndani ulio mpya, umo katika boksi lake. Mwenye duka akaniuliza, "Hutaki na solusheni na viraka?" Nikamjibu, "Nina mpira mzima mpya, viraka vya nini?" Akacheka, akanifungia.

Mashamba ya njiani

Niliondoka na baridi ya asubuhi. Katika mwezi wa Juni upepo wa nchi ile hutoka upande wa kusini mashariki, na mimi nilikuwa naelekea kaskazini. Kwa hiyo ulinisukuma mgongoni kama rafiki. Nilishika kando ya barabara, upande wa kushoto, kofia ngumu kichwani, na kitambaa chekundu nyuma ya kereli ili madereva wanione. Lori kubwa lilipokuja nyuma na jingine mbele, nilishuka nikasimama majanini mpaka yamepita. Ndugu zangu, hakuna aibu kushuka. Aibu ni kuokotwa.

Wakulima walikuwa wameshatoka. Tukapeana salamu ya huko: "Mwangaluka!" Nao, "Mwangaluka!" Wengi walikuwa na baisikeli kama mimi, lakini wao hawakuwa matembezini. Huyu amefunga madumu ya maji, yule gunia la mpunga, mwingine robota la pamba kubwa kumzidi, nyuma yake humwoni hata kichwa.

Nataka mjue jambo moja juu ya ardhi ile, kwa maana ni elimu kubwa ambayo haikuanzia katika vitabu. Wasukuma wamezipa aina za udongo majina yake. Juu, karibu na miamba na vilima, kuna udongo wa kichanga unaoitwa luseni. Ni mwepisi kulima, nao hupandwa mihogo, viazi, karanga na pamba. Ukiteremka kidogo unafika itogolo, udongo mgumu unaoshika maji. Hapo watu huchimba majaruba ya mpunga. Ukifika chini kabisa bondeni, kuna mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mkulima wa pale akikanyaga ardhi tu, anajua ipandwe nini. Nikiwa juu ya baisikeli niliyaona haya yote kama mtu anayefunua kurasa: kilima, mteremko, bonde, halafu kilima tena.

Niliona pia ngitili. Hii ni sehemu ya majani na miti ambayo mwenyewe huitenga mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ili ifunguliwe kiangazi malisho yanapokwisha kwingine. Ni desturi ya zamani. Miti mingi ya Shinyanga ilikuwa imekatwa, hata nchi ikaanza kuwa kama jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, nao uliendelea mpaka mwaka 2004.  Wataalamu wa mradi ule waliwasikiliza wazee, wakawahimiza watu kurudisha ngitili zao. Miti ikaota tena.

Nilipumzika Maganzo, mahali pa njia ya kwenda Mwadui kwenye mgodi wa almasi. Nikanywa chai, nikaendelea. Pamba ilikuwa inavunwa, mashamba meupe kama yamemwagiwa unga. Katika kituo kimoja cha ununuzi niliona watu wamepanga foleni mbele ya mizani. Nikakumbuka historia. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika sana juu ya mizani ya wanunuzi. Mtu asiyejua namba alikuwa anatazama sindano ya mizani kama anavyotazama nyota: anaiona, lakini haimwambii kitu. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho moja kubwa, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Haya yote yalianza na jambo dogo: mtu mmoja mwenye kusoma mizani asimame upande wa mkulima.

Niliwaza mawazo hayo makubwa nikiwa nakanyaga pedali, moyo umejaa fahari ya elimu yangu. Ndipo tairi la nyuma likasema, "Psssss."

Mwiba

Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Nilikuwa nimekwenda kama kilomita 70. Nilikuwa nimechepuka kidogo kando ya lami kupisha basi, na pale kandokando pana mbigili na miiba ya migunga iliyokauka. Mmoja uliingia.

Sikuwa na wasiwasi. Nikageuza baisikeli kichwa chini, nikatoa gurudumu, nikatoa mpira wa zamani, nikafungua boksi langu. Mpira mpya ukatoka, mnene, unang'aa. Nikauingiza ndani ya tairi. Haukukaa. Nikiuvuta upande huu, unajikunja upande ule. Nikiusukuma ndani, unachungulia nje. Nikatoka jasho. Nikasema, labda mikono yangu ni ya ofisini, kazi hii yataka mikono ya fundi. Na solusheni sikuwa nayo. Viraka sikuwa navyo. Mwenye duka yule, popote alipokuwa, nadhani alisikia ninavyomkumbuka.

Nikasukuma baisikeli kwa miguu, jua la utosi, kama kilomita nne. Mtu anayesukuma baisikeli mbovu yenye mzigo huchukua karibu mara nne ya muda wa anayeipanda. Nilipofika kwenye maduka machache na mwembe mmoja, saa yangu ilisema saa saba na dakika ishirini.

Chini ya mwembe alikuwapo mzee mmoja, fundi baisikeli, na karai la maji mbele yake. Kando yake mkewe amekaa kwenye kigoda, anachambua choroko.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua."

Nikaeleza shida yangu. Nikamwambia fundi, "Mpira ni mpya, baba. Ni kuuingiza tu, mimi umenishinda."

Fundi akaushika ule mpira. Hakuutazama hata kidogo. Aliupitisha kati ya vidole kama mtu apimaye kitambaa, akanirudishia. Akasema, "Huu si wake."

Nikasema, "Baba, nimeununua jana. Ni wa baisikeli."

Akasema, "Ni wa baisikeli. Lakini si wa hii. Mikono yangu imekwisha kusema. Sasa karatasi nayo na iseme. Mama, hebu soma."

Yule mama akafuta mikono, akatoa miwani katika mfuko wa plastiki, akaivaa. Akachukua boksi. Akasoma polepole, kidole chini ya namba: "Ishirini na sita... mara... mbili, nukta, moja, mbili, tano." Halafu akainuka, akaenda mpaka kwenye tairi langu, akalipangusa vumbi kwa kanga, akainama. "Ishirini na nane... mara... moja na nusu." Akanitazama juu ya miwani yake.

"Mwalimu," akasema, "namba hizi hazisemi kitu kimoja."

Ndugu wasikilizaji, mimi nina stashahada ya chuo kikuu. Imo katika fremu, ukutani. Boksi lile nilikaa nalo usiku mzima, na tairi lile nimelipanda miaka mitatu. Namba ziko zimeandikwa pande zote mbili, na mimi sikuzisoma.

Maana ya 28 × 1½

Sasa tazameni namba ya mwisho ubaoni. Mwalimu wa darasa, ioneshe kwa kijiti.

Namba ya kwanza, 28, inataja ukubwa wa gurudumu lenye tairi, kupima kutoka ukingo mmoja kupita katikati mpaka ukingo wa pili, kwa inchi. Inchi 28 ni kama sentimita 71. Namba ya pili, 1½, inataja unene wa tairi, kwa inchi vilevile. Mpira wangu mpya ulikuwa wa 26 × 2.125. Yaani ulikuwa wa gurudumu dogo zaidi na tairi nene zaidi. Ndiyo maana ulijikunja. Mpira haukuwa mbovu, wala mwenye duka hakuniibia. Nilinunua bila kusoma, basi.

Fundi akaanza kuziba ule wa zamani. Nawaeleza alivyofanya, nanyi mkafanye hivyo hivyo. Kwanza aliujaza upepo, akauzamisha katika karai kipande kwa kipande. Palipotoka mapovu, pana tundu. Akapatia alama. Pili, aliukausha vizuri. Tatu, akapasugua kwa msasa mpaka pakawa na ukwaruzo, maana solusheni haishiki mahali panapoteleza. Nne, akapaka solusheni nyembamba, akangoja dakika chache mpaka imeacha kung'aa. Tano, akabandika kiraka, akakibana kwa nguvu. Tena, kabla ya kurudisha mpira, alipitisha vidole ndani ya tairi taratibu, akautoa mwiba uliokuwa bado umekaa humo. Kama asingeutoa, ningepata pancha ya pili kabla ya kufika mita mia.

Solusheni ilipokuwa inakauka, tulizungumza. Niliwaeleza kuwa tairi la upepo kwa baisikeli lilitengenezwa na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, kwa ajili ya baisikeli ndogo ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Fundi akafurahi sana. "Daktari wa ng'ombe!" akasema. "Basi hata Msukuma angeweza."

Kisha nikamwuliza mama amejifunza wapi kusoma. Akacheka. Akasema amejifunza hapo hapo kijijini, katika darasa la jioni, akiwa amekwisha kuwa na wajukuu. Fundi mwenyewe hakusoma. Mwaka 1970, ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye alikuwa kijana mdogo anachunga ng'ombe. "Mimi nilisema kusoma ni kwa wale," akasema, "nami nina mikono yangu."

Mama akaniambia sababu iliyompeleka darasani. Zamani madeni ya kazi waliyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba: kistari kimoja, pancha moja, msalaba, tairi. Kila mteja na mahali pake ukutani. Masika moja mvua ilinyesha siku tatu na upepo wake, ukuta ule ukaoshwa wote. Madeni ya miezi mitano yakaenda na maji. Wengine walilipa kwa uaminifu. Wengine walisema, "Mimi? Sina deni." Mmoja wao alikuwa jirani wa karibu. Wakagombana, hata kusalimiana wakaacha, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nani mkweli.

"Kilichoniuma si fedha," akasema mama. "Huenda yule jirani alikuwa amekwisha kulipa kweli. Sikujua. Mpaka leo sijui."

Akanionesha daftari lake. Mistari minne kwa kurasa: tarehe, jina, kazi, fedha. Pembeni kila mteja ameweka sahihi yake, na asiyejua kuandika ameweka alama ya kidole. Jirani yule yumo pia, ukurasa wa kumi na nne. Amelipa yote. Siku hizi wanasalimiana.

Akaandika jina langu. Chini ya neno "kazi" akaandika: "Pancha 1." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Hakusoma namba." Fundi akacheka mpaka akakohoa. Nami nikaweka sahihi yangu, kwa sababu ni kweli.

Jioni

Ilikuwa saa nane kamili nilipopanda tena. Zilibaki kilomita 46. Tugawanye tena. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ingekuwa saa tatu na dakika nne. Lakini nilikuwa nimechoka, na mwendo wangu sasa ulikuwa kilomita 12 kwa saa. 46 kugawa kwa 12 ni saa tatu na dakika hamsini. Sikuwa na ruhusa ya kupumzika tena. Nilipita Hungumalwa, nikapita Mabuki penye shamba la mifugo, nikinywa maji huku naendesha. Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi limekuwa jekundu kwa jua, na majabali ya nchi ile yamesimama kama watu waliokaa baraza.

Nikafika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Niliogopa nitakuta kiwanja kitupu. Nikasikia sauti za watu. Wote ishirini wapo. Hawakukaa bure: mmoja wao, aliyesoma darasa la pili utotoni kisha akasahau, alikuwa ameshika chaki. Walikuwa wameshauriana waandike nini, wakatafuta herufi moja moja, kila mtu akatoa aliyoikumbuka. Ubaoni palikuwa na maneno mawili, herufi zimeinama huku na huku:

MWALIMU AMECHELEWA

Nikayasoma kwa sauti. Darasa zima likapiga makofi, kwa maana walikuwa hawana hakika kama wameandika sawasawa. Walikuwa wameandika sawasawa. Sikuyafuta. Lile ndilo likawa somo letu la kwanza.

Ndugu wanafunzi, msidhani kusoma ni cheti, wala msidhani ukishajua kusoma umemaliza. Mimi nilijua, na sikutazama. Kila siku namba na maneno yanapita mbele yenu: kwenye mizani, kwenye chupa ya dawa, kwenye mfuko wa mbegu, kwenye tairi. Simama. Inama. Pangusa vumbi. Soma.

Kazi ya darasa

1. Mtu anaendesha baisikeli kilomita 12 kwa saa. Anataka kwenda kilomita 60, na atapumzika saa moja. Akiondoka saa moja asubuhi, atafika saa ngapi?

2. Kila mwanafunzi aende kwenye baisikeli iliyo karibu, asome namba za tairi, aziandike katika daftari. Je, baisikeli zote za darasa lenu zina namba moja?

3. Chora ukurasa wenye mistari minne: tarehe, jina, kazi, fedha. Andika humo kazi mbili ulizozifanya wiki hii.

4. Zungumzeni: Fundi alijua kwa mikono, mkewe alijua kwa kusoma. Katika kijiji chenu ni kazi gani inayohitaji elimu zote mbili?